Kozi wa Mnara wa Kinu

Kuna mashine ya kusaga pale Elerai, jirani na ninapoishi sasa, na kila ninapopita mlangoni pake nikitoka kazini hunibidi nigeuze uso. Si vumbi linalonisumbua. Ni harufu ya pumba za mahindi zilizopata moto, ile harufu tamu kidogo na kali kidogo inayoganda kooni. Wenzangu wakiisikia huwaza ugali. Mimi nikiisikia viganja vinatoa jasho, kana kwamba nimeshika chuma cha baridi na chini yangu hakuna kitu. Ni mtu mzima, nina watoto, na bado iko hivyo. Ngoja niwaambie hofu hii ilikotoka, maana sijawahi kumsimulia mtu yote.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kinu cha serikali cha kusaga nafaka, na sisi tulikaa kwenye kota za wafanyakazi, nyuma ya kinu hicho hicho. Nyumba zilikuwa ndogo, za matofali, zimepangwa mistari miwili. Juu yake zilisimama silo, yale maghala marefu ya saruji ya kuhifadhia mahindi, na katikati yake mnara mrefu kuliko kitu chochote tulichokifahamu, ukiacha Mlima Meru wenyewe. Ndani ya mnara huo mikanda ilipandisha mahindi mpaka juu kabisa, kisha yakamwagwa silo hii au ile. Nilizaliwa ndani ya ngurumo hiyo. Watu wa kota tulizoea kuongea kwa kupaza sauti, na nikienda likizo kwa bibi yangu Marangu nilikuwa naulizwa ni nani ninayemgombeza.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Mashine ndogo za watu binafsi zikaota kila mtaa, mahindi yakawa yanauzwa na yeyote popote, na kinu chetu kikaanza kusaga siku tatu kwa wiki, halafu moja, halafu kikanyamaza. Asubuhi ya kwanza ya ukimya ule niliingiza vidole masikioni nikidhani yameziba. Wafanyakazi wakapunguzwa kazini. Walipakia magodoro na makabati kwenye malori, wakaagana kwa kupeana mikono bila kutazamana sana, wakaenda makwao. Walibakizwa wachache wa kulinda mali mpaka apatikane mnunuzi. Baba alikuwa mmoja wao. Kazi aliyoachiwa ilikuwa kupaka grisi mota ambazo hazizunguki.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la nne, na niliona jinsi alivyobadilika ingawa sikuwa na neno la kuliitia jambo lile. Aliacha kwenda kwaya, yeye aliyekuwa na besi iliyotikisa madirisha ya kanisa letu la Kilutheri. Aliacha kunyoa ndevu. Alishika kikombe cha chai mpaka chai ikaota utando, akakiweka chini bila kuonja. Wadogo zangu wawili walipelekwa Marangu kwa bibi. Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa mama wa nyumbani, alianza kuuza mitumba sokoni Kilombero. Alitoka alfajiri na robota la nguo kichwani, akarudi jua likielekea kuzama, sauti imemkauka kwa kunadi.

Jioni moja alinivuta jikoni, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Haika, ukitoka shule usiende kucheza. Nenda kwa baba yako kule kinuni. Popote alipo na wewe uwepo. Akipanda mnarani, panda. Akishuka, shuka. Umenisikia?"

"Mama, kule juu naogopa."

"Najua unaogopa. Nenda hivyo hivyo."

Hakunieleza zaidi. Nilidhani naadhibiwa kwa kuvunja chupa ya chai wiki ile.

Ngazi za mnara zilikuwa za chuma, za matundumatundu, unaona kati ya miguu yako giza ulilotoka. Hapakuwa na umeme tena. Mwanga uliingia kwa vidirisha vyembamba, kimoja kila ghorofa, na kati ya kidirisha na kidirisha kulikuwa na sehemu usiyoona hata mkono wako. Popo walining'inia humo, na harufu ya pumba zilizopata moto ilikuwa bado imeganda kwenye kuta. Kila hatua tuliyopiga iligonga, sauti ikashuka mpaka chini, ikarudi kama hatua za mtu wa tatu anayetufuata. Baba alitangulia bila kugeuka. Mimi nilimfuata nikihesabu ngazi kwa kunong'ona, na nilipopoteza hesabu nilianza upya, maana ilikuwa afadhali kuhesabu kuliko kusikiliza.

Juu kabisa kulikuwa na chumba cha mota, na mlango wa kutokea kwenye kibaraza chembamba cha saruji kilichozungushiwa vyuma. Hapo upepo ulikuwa mwingine kabisa. Ulitoka mlimani ukiwa na baridi ya Julai, ukapita kwenye vyuma ukapiga mluzi. Mji wote ulikuwa chini: mabati, mijakaranda, moshi wa jikoni, na mbali upande wa Kisongo vumbi la ng'ombe na ndege ndogo za watalii zikitua. Baba alikuwa anasimama pale kwenye vyuma, mikono mfukoni, akitazama chini. Hakutazama mbali, alitazama chini. Mimi nilikaa mlangoni, mgongo ukutani, nimeshika fremu kwa mikono miwili. Saa nzima ingepita hivyo.

Mtu pekee aliyetusemesha siku hizo alikuwa Mama Zubeda. Alikuwa mjane kutoka Kondoa, mnene, mcheshi, mumewe alikuwa dereva wa kinu kabla ya kufariki. Alifuga njiwa kwenye masanduku ya mbao aliyoyatundika ukutani mwa nyumba yake, na njiwa wale walinona kwa mahindi yaliyomwagika zamani kwenye nyufa za uwanja. Alianza kutusimamisha tukishuka, manyoya mkononi.

"Baba Haika, angalia. Mwingine ameliwa. Nimekuta miguu tu."

"Pole, mama," baba alijibu, akataka kupita.

"Pole haitagi mayai. Kuna kitu huko juu kwako. Kitazame."

Mimi nilikwisha kukisikia hicho kitu. Nilisikia mlio juu ya vichwa vyetu, kak-kak-kak-kak, mkali, wa haraka, kama mtu anayegonga bati kwa hasira. Siku moja kichwa cha njiwa kilianguka karibu na kiatu changu, macho yake yamefumbwa vizuri kama amelala. Shuleni wasichana walisema ndege anayedondosha vichwa ametumwa, na kwamba nyumba anayoizunguka lazima itoke maiti. Sikumwambia mama. Nilianza kulala nimejifunika shuka mpaka utosini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Agosti, kijibaridi, mawingu yamefunika Meru mpaka vitongoji vya chini. Baba alipoanza kupanda niliona hakubeba kopo la grisi. Nilitaka kumkumbusha, nikaanza kuhesabu ngazi. Tulipofika juu alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya mota, taratibu, mshipi wake ameunyoosha. Kisha akatoka kibarazani, akapitisha mguu mmoja juu ya vyuma, halafu wa pili, akasimama upande wa nje, visigino kwenye ukingo, mikono yake imeshika vyuma kwa nyuma. Alisimama kama mtu anayesubiri basi.

"Baba," nikasema.

Hakugeuka. "Haika, shuka. Nenda nyumbani."

"Mama amesema nisikuache."

"Nimesema shuka, mwanangu."

Angefoka ningeelewa. Lakini aliongea kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa miezi, na upole ule ndio ulionitia hofu. Niligeuka nikatazama tundu la ngazi. Lilikuwa jeusi. Nikatazama tena mgongo wake, ovaroli likipepea.

"Siwezi," nikasema, na nikaanza kulia. "Siwezi kushuka peke yangu. Naogopa giza."

Nilimwona ameinamisha kichwa. Sijui ulipita muda gani. Kisha nikasikia sauti kama shuka linachanwa kwa nguvu juu ya paa, na kitu cheusi kikashuka mbele ya uso wake. Kofia yake iliruka. Baba alipiga ukelele, akajikunja, akakumbatia vyuma. Kile kitu kilipanda juu, kikajigeuza hewani, kikaja tena kwa mlio ule ule, kak-kak-kak. Safari hii kilimpiga kichwani. Baba alirudi juu ya vyuma kwa tumbo, kama mtu anayetoka mtoni, akaangukia ndani ya chumba juu ya miguu yangu.

Tulikaa sakafuni. Damu ilimtiririka kutoka kwenye nywele, ikashuka pembeni ya pua. Halafu akaanza kutoa sauti fulani, mabega yakipanda na kushuka, nami nilifikiri anacheka, nikajaribu kucheka naye. Alinivuta kifuani akanibana mpaka zipu ya ovaroli ikaniumiza shavu. Tulikaa hivyo mpaka sauti ile ikaisha.

Baadaye alijifuta uso kwa mkono, akatambaa mpaka kwenye dirisha la pembeni, akachungulia. Akanipungia mkono nije. Pale kwenye kona ya kibaraza, mahali ambapo changarawe na vumbi la mahindi vilikusanyika, palikuwa na shimo la kina kifupi kama sahani, na ndani yake mayai matatu, rangi ya udongo wa Moshi mvua ikinyesha. Ndege alikuwa anarudi kuyakalia. Alitembea kwa kuyumba, amekunja vidole vyake ili asiyatoboe. Mgongo wake ulikuwa wa kijivu kama bati kuukuu, kichwa cheusi kama amevaa kofia, na mistari miwili myeusi ikishuka mashavuni kama sharubu. Alitutazama kwa jicho kubwa jeusi lenye duara la njano. Sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe chochote.

"Kumbe ana mayai," baba alisema. Alirudia mara mbili. Kisha akachukua saa yake, akaivaa. "Habari ya vyuma usimwambie mama yako."

"Sitamwambia."

Tuliposhuka alinibeba mgongoni ngazi zote, giza lote.

Mama Zubeda aliiona damu akatuzuia njia. Baba alimwambia ni ndege. Akaeleza alivyo, rangi yake, alivyoshuka. Mama Zubeda akaweka mikono kiunoni.

"Huyo si mwewe. Mwewe mwizi, anavizia vifaranga chini. Huyo ni kozi, Baba Haika, anapigia hukohuko hewani. Kwetu wazee walikuwa wanasema kozi hajengi nyumba, anapanga." Akamtazama baba kwa muda mrefu kuliko mazungumzo yalivyohitaji. "Basi kesho utaniambia amefanya nini."

Na kweli kesho yake alikuja kuuliza. Na keshokutwa. Kila siku tuliposhuka alikuwa pale na manyoya mkononi, analalamika njiwa wake wanaisha, anataka ripoti. Na baba, asiyekuwa na neno kwa mtu, akawa hana budi kuwa na la kumjibu. Alianza kwa maneno mawili matatu. Halafu akawa anasema kuwa yule mkubwa anayekalia mayai ni jike, dume ni mdogo na ndiye mwindaji. Kwamba dume akileta njiwa humwita jike, na jike huondoka kwenye mayai, akajigeuza chali hewani, akapokea nyama kwa kucha bila hata mmoja wao kutua. Alionyesha hayo kwa mikono, kiganja juu ya kiganja, na Mama Zubeda alisonya kwa uchungu wa njiwa wake huku macho yanamng'aa.

Msidhani hofu yangu iliisha. Ilizidi. Sasa nilikuwa nimemwona baba upande wa pili wa vyuma, na kila alipokaribia mlango wa kibaraza niliruka nikamshika ovaroli. Hakunigombeza. Alijifunza kukaa ndani, kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na dirisha, nami kwenye magoti yake, ngumi yangu imekamata nguo yake. Na ndege pia nilimwogopa. Mara nyingi alituona kioo kikiwa katikati yetu, akafunua mdomo, na mimi nilificha uso. Lakini hatukuacha kwenda.

Septemba mayai mawili yalianguliwa. La tatu lilibaki vile vile mpaka likasukumwa pembeni. Makinda yalikuwa meupe, manyoya kama pamba ya mto uliochanika, vichwa vizito havibebeki. Jike aliwalisha kwa vipande vidogo mno, akiinamisha shingo upande mmoja, mdomo ule uliokata vichwa vya njiwa ukiwa mpole kama vidole vya mama anayemlisha mtoto uji. Wiki baada ya wiki manyoya ya kahawia yakatoboa ule weupe, wakawa na sura ya wazee wasiooga. Wakaanza kupigapiga mabawa wakiwa wamesimama ukingoni kabisa, upepo ukiwanyanyua kidogo, na mimi nilifumba macho na kumwomba baba aniambie wakirudi nyuma.

"Wamerudi," alisema. "Fumbua."

Alikuwa ameanza kunyoa tena. Hilo nililiona.

Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua mji mzima, mnunuzi alipatikana. Watu waliovaa suti walikuja na gari, wakapima uwanja, wakaweka kufuli mpya kwenye mlango wa mnara, wakaondoka na ufunguo. Baba aliambiwa akabidhi vifaa Ijumaa, na kota zihamwe mwisho wa mwezi. Nilimtazama usoni nikitafuta yale ya Agosti. Niliona amekunja uso tu, ametazama juu. "Hawajaruka bado," alisema.

Jumatano yake, nikiwa natoka shule, nilimkuta Mama Zubeda amesimama uwanjani kando ya tenga la kuku lililofunikwa chini, na juu ya tenga ameweka jiwe.

"Muite baba yako. Kinda limeanguka. Nimelifunika. Sijui nilichinje au nilipe maji."

Baba alikuja mbio. Akaliinua tenga kidogo, akaingiza mkono, akapigwa kucha, akaendelea. Kinda halikuwa limeumia. Lilikuwa limejaribu kuruka kabla ya wakati, likateleza na upepo mpaka chini, na pale chini paka wa kota nzima walikuwa wamekwisha kulisikia. Juu, jike alikuwa anazunguka mnara akipiga kelele. Baba alilitia kinda ndani ya ovaroli, akafunga zipu mpaka shingoni. Akautazama mlango na kufuli yake mpya. Kisha akatazama ngazi ya nje.

Hiyo ngazi ilikuwa ya fito za chuma, imepigiliwa ukutani mwa mnara kutoka chini hadi juu, ya kutumiwa na mafundi wa rangi enzi za zamani. Ilikuwa na kutu. Sikuwahi kuona mtu ameigusa.

"Baba Haika, acha!" Mama Zubeda alisema. "Ndege ni ndege!"

Alikwisha kuanza kupanda.

Nami nilisikia sauti ya mama yangu kichwani, wazi kabisa kama yuko nyuma yangu. Akipanda, panda. Nilitupa mfuko wa madaftari, nikashika fito ya kwanza. Chuma kilikuwa cha baridi na kinatoka unga wa kutu. Nilipanda. Sikuwaza kitu, nilifuata soli za viatu vyake. Fito moja ilicheza mkononi mwangu, nikafanya kosa la kutazama chini, na uwanja ukainuka ukataka kunijia usoni. Nilikuwa juu ya mapaa ya kota. Mikono iligoma kufunguka. Haja ndogo ilinitoka, nikaisikia inashuka ndani ya soksi.

"Baba!"

Aligeuza kichwa, akaniona. Sitaisahau sura ile.

"Haika. Kumbatia ngazi. Usipande, usishuke. Weka shavu kwenye chuma. Nani amekuambia upande?"

"Mama!"

Alifumba macho, kama aliyepigwa kibao. Kisha sauti yake ikawa laini. "Sawa. Mama amesema kweli. Lakini leo nasema mimi, na mimi narudi. Umesikia? Napeleka mtoto wa watu kwao, halafu narudi."

Nilihisi ngazi inatikisika kwa chini. Mama Zubeda, na unene wake, na kanga yake ameifunga kibwebwe, alikuwa anapanda huku anamtaja Mungu kwa kila fito. Alinizungushia mkono kiunoni, kifua chake chote kikanigandamiza ukutani. "Toa mguu wa kulia," alisema. "Mwingine. Mwingine." Hivyo hivyo tukashuka, fito kwa fito, na baba alisubiri pale pale juu, bila kusogea, mpaka alipoona miguu yangu imegusa ardhi. Ndipo akaendelea.

Alikuwa mdogo kama mjusi pale juu wakati jike alipomshukia. Mara ya kwanza alijibana ukutani. Mara ya pili nilimwona kichwa kimerudi nyuma, mkono mmoja umeachia. Mama Zubeda alinifunika macho kwa kanga, nikaifunua. Baba alifika ukingoni, akajiinua nusu ya mwili, akafungua zipu.

Na hapo ndipo mama alipoingia getini. Siku hiyo biashara ilikuwa mbaya, alirudi mapema. Alifuata macho yetu, akamwona mumewe amening'inia ukingoni mwa mnara. Robota lilianguka kutoka kichwani, nguo zikatawanyika vumbini. Mama yangu hakuwahi kumwita baba kwa jina. Siku zote alikuwa Baba Haika. Alipiga ukelele uliotoka mahali nisipopajua: "Elifasi! Elifasi, nakuomba! Elifasi!" Kisha maneno ya Kichaga, mengi, haraka, na akapiga magoti kati ya zile nguo.

Baba alishuka. Ilichukua muda ambao bado naupima nikiwa kitandani. Alipokanyaga ardhi alikuwa na damu masikioni na tabasamu ambalo sikuliona tangu kinu kizimwe. "Nimelirudisha," alisema. "Liko na mwenzake."

Mama aliinuka, akamfuata, akampiga kifuani kwa ngumi mbili, mara nyingi, mbele ya watu, huku analia kwa sauti. Baba alisimama akapokea zote. Kisha akamshika mikono na kumwambia kwa utulivu, "Si hivyo, Mama Haika. Leo si hivyo." Mama akamwegemea. Nilisimama pembeni na soksi zangu zilizolowa, nikashangaa kwa nini anapigwa mtu aliyefanya jambo jema.

Makinda yaliruka siku nne baadaye, yote mawili, tukiwa tunafunga mizigo. Tulihamia Elerai. Baba alifanya kazi za kuchomelea kwa mtu, kisha akafungua karakana yake mwenyewe, akarudi kwaya, akaishi mpaka akazeeka na kuwa mbishi. Sikumwuliza kamwe kuhusu siku ile ya Agosti. Watu wachache niliowagusia habari hii hupenda kusema kwamba ndege alimwokoa. Mimi siamini hivyo. Ndege alikuwa analinda mayai yake, na angemtupa baba nje kama alivyomtupa ndani. Ninachojua ni kwamba kabla ya ndege kuja alikuwa ameinamisha kichwa kwa muda, akimsikiliza mtoto anayelia kwamba hawezi kushuka peke yake.

Tulipomzika baba, mama na mimi tulikaa jikoni tukichambua mchele, na ndipo aliponieleza. Kwamba mwezi ule wa Julai baba alimwambia maneno ambayo mke hapaswi kusikia. Kwamba yeye mama alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akaomba, lakini mchungaji hakai kinuni mchana kutwa. Na yeye ilimlazimu kwenda sokoni au tusile. Kwamba alimwambia mtu mmoja mwingine tu, Mama Zubeda, na Mama Zubeda akasema, niachie, nitamtafutia maneno kila siku. Njiwa walioliwa na kozi, mama alisema, hawakuzidi watano. Manyoya mengine Mama Zubeda alikuwa anayanyonyoa mwenyewe.

Nilimkasirikia mama, sitawaficha. Nilimwangalia yule mama mzee na ungo wake nikawaza kwamba alimweka mtoto wa miaka tisa kuwa mlinzi wa kitu kama kile, bila hata kumwambia analinda nini. Hofu yote niliyodhani ni uoga wangu, ya popo, ya giza, ya vichwa vya njiwa, ilikuwa yake, na alinipa niibebe kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpa. Sasa nina binti wa umri ule. Nimejiuliza mara nyingi kama ningefanya hivyo, na kila mara najibu kwamba nisingefanya, kisha namtazama mume wangu amelala, na sina hakika tena.

Mama aliacha kuchambua. Bila kuinua uso akasema, "Kule juu, Haika. Kuna siku yoyote ambayo…" Akashindwa kumalizia. Mikono yake ilikuwa imekaza ungo.

"Hapana, mama," nikasema. "Tulikuwa tunaangalia ndege tu."

Alishusha pumzi ndefu. Akaokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa dirishani, akaendelea.